Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Naomba nijibiwe, hata kama jibu ni hapana

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma,

YAH: MALALAMIKO YA WATUMISHI YASIYOJIBIWA NA WAAJIRI

Salaam kutoka Dar es Salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mtumishi wa masjala katika taasisi moja ya serikali hapa jijini. Taasisi siitaji na viongozi wake siwataji. Nimekula kiapo cha kutunza siri za ofisi na humu sitoi hata moja. Tena najua watumishi wa taasisi nyingine wataisoma barua hii na kudhani nimeandika habari za kwao.

Wiki iliyopita nimepewa barua ya kujieleza. Kosa langu ni kwamba kwenye mkutano wa watumishi, tulipofika kwenye mengineyo, nilinyoosha mkono nikauliza barua zetu za malalamiko zimefikia wapi. Sikumtukana mtu wala sikumtaja mtu kwa jina. Wenzangu wakapiga makofi, na nadhani makofi hayo ndiyo yaliyoniponza. Wiki haijaisha nikaletewa barua mezani, imechapwa vizuri, ina kumbukumbu namba, saini na muhuri, ikinitaka nieleze kabla ya Ijumaa kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuchochea watumishi.

Nimejibu, na nimejibu kwa heshima. Lakini barua hiyo ndiyo imenimalizia subira. Kwa miaka nimekuwa nikielezwa kwamba barua yangu haijajibiwa kwa sababu ofisi ina uhaba wa watu, au bosi yuko Dodoma, au mwaka wa fedha unafungwa, au mwaka wa fedha ndiyo kwanza umefunguliwa. Leo nimeona kwa macho yangu kwamba ofisi hiyo hiyo, kwa watu hao hao, inaweza kuandika barua na kuifikisha kwa mtumishi ndani ya wiki moja. Uwezo upo, Mheshimiwa. Umetumika kunitisha.

Naomba nieleze shauri langu kwa kifupi, maana si la ajabu. Niliajiriwa kama msaidizi wa kumbukumbu. Nikaomba ruhusa ya masomo, mwajiri akanipa kwa maandishi, nikasoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu pale Magogoni, Chuo cha Utumishi wa Umma. Ada nililipa kwa mkopo wa saccos, na makato yake nimeyamaliza juzi juzi tu. Nilipohitimu nikawasilisha cheti na kuomba kubadilishiwa muundo ili cheo na mshahara vifanane na elimu yangu na kazi ninayoifanya kila siku. Barua ikapokelewa. Nikakumbushia. Nikakumbushia tena. Hakuna aliyenikatalia na hakuna aliyenikubalia.

Mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, ulipoanza kutumika, tukaambiwa tuingie, tuweke kila kitu humo. Nimeweka. Ombi linaonekana limetumwa, na hapo ndipo linapoishia.

Sasa niseme kama mtu wa masjala, kwa sababu hapa nina jambo ambalo wengi wanaolalamika hawalioni. Barua ya mtumishi ikiingia, naigonga muhuri wa kupokelewa, naiandika kwenye rejista, naipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, naiweka kwenye jalada lake, na jalada linapanda ghorofani. Wananchi husikia kwamba majalada hupotea. Yanayopotea kweli ni machache sana. Jalada la malalamiko mara nyingi liko mahali panapojulikana, chini ya majalada mengine, kwenye meza ya mtu ambaye hataki kuandika uamuzi. Likirudi, linarudi na dokezo la mstari mmoja: "Tuzungumze." Mazungumzo hayo hayana tarehe wala muhtasari. Mwaka unapita, mkuu wa idara anahamishwa, anakuja mwingine, naye anasema apewe muda asome majalada.

Nimeshuhudia watu wakija dirishani kwangu kuuliza. Mlinzi wa getini anayedai malimbikizo. Dereva anayedai posho ya usumbufu ya uhamisho wa zamani. Mama mmoja alikuja na nakala za barua zake amezifunga kwa kamba, akanisihi nimwambie tu jalada lake limefika kwa nani. Sikuruhusiwa kumwambia. Alistaafu bila kujua. Ningepewa hiari, ningemwambia saa ile ile.

Mheshimiwa, naomba usome aya inayofuata kwa utulivu, maana ndiyo moyo wa barua hii.

Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 8 ya mwaka 2002, inampa mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa mwajiri haki ya kwenda mbele, Tume ya Utumishi wa Umma, na baada ya hapo hata kwa Mheshimiwa Rais. Kanuni zinampa siku 45 kukata rufaa tangu apokee uamuzi. Ni utaratibu mzuri. Lakini siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini kwa mtu ambaye hakupewa uamuzi wowote? Anakata rufaa dhidi ya nini? Kisha mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, kikaongezwa kifungu cha 32A, kinachosema mtumishi wa umma asitafute nafuu kwenye sheria za kazi mpaka kwanza amalize njia zote zilizomo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Mwenzangu wa kampuni binafsi akidhulumiwa anakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anafungua shauri lake. Mimi nikienda huko nitaulizwa kama nimemaliza ngazi za kwangu. Sijazimaliza, kwa sababu ya kwanza haijafunguka. Nimefungiwa kati ya milango miwili, na funguo zote mbili ziko kwa mtu mmoja ambaye anachotakiwa kufanya ni kusaini karatasi.

Ndiyo maana nasema kukataliwa kungekuwa nafuu. Angeandika "hapana, kwa sababu hii", ningejua pa kwenda.

Nilijaribu kuruka ngazi. Nilipanda treni kwenda Dodoma kwa nauli yangu, siku ya likizo yangu, nikiwa na nakala zote kwenye bahasha. Ofisi niliyofika walinipokea kwa adabu, wakanipa kiti, wakaniambia barua yangu haiwezi kushughulikiwa kwa kuwa haikupitia kwa mwajiri. Walikuwa sahihi. Utaratibu unataka barua ya mtumishi ipande "kupitia kwa" wakubwa wake, na mkubwa wangu ndiye asiyeipitisha. Nikarudi Dar usiku, asubuhi nikawahi mwendokasi kwenda kazini kama kawaida.

Tangu serikali ilipohamia Dodoma, sisi tuliobaki Dar tumekuwa na tatizo jingine dogo ambalo limekua. Anayetuongoza kila siku hana mamlaka ya kuamua, na mwenye mamlaka hatumwoni. Zamani mtumishi wa Mbagala alipanda daladala hadi Posta akamwona mwenye uamuzi. Sipingi kuhama. Nasema tu kwamba majalada hayakuhama kwa kasi ya magari ya viongozi.

Kwa nini hatujibiwi? Nimefikiri sana. Huenda nafasi yangu haikuwekwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na mtu anaona aibu kuandika hivyo kwa sababu kuiweka ilikuwa kazi yake. Huenda wanaogopa kwamba wakinijibu mimi watalazimika kuwajibu na wengine, na deni litaonekana. Nakumbuka pia mwaka 2016, uhakiki wa watumishi ulipoanza na kupandishwa madaraja kukasimama. Tulielewa. Aprili 2017 ilipotangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, tulielewa zaidi kwa nini uhakiki ulihitajika. Vyeti vyangu vilikaguliwa vikaonekana halali. Lakini nadhani katika miaka ile waajiri wengi walizoea kwamba kutomjibu mtumishi hakuna madhara kwao. Madaraja yalirudi, tabia hiyo haikuondoka.

Sitaki nionekane sioni mema. Nyongeza ya mwaka 2022, ile asilimia 23.3 ya kima cha chini, iligusa nyumba nyingi. Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Mheshimiwa Rais alipotangaza kima cha chini kitoke shilingi 370,000 kifike 500,000 kuanzia Julai, nilishangilia kama wengine. Ila mtumishi ambaye yuko kwenye cheo kisicho chake hupokea hata nyongeza kwa cheo kisicho chake.

Na hapa kuna jambo linaloninyima usingizi. Nimepita miaka hamsini. Kustaafu kwa lazima ni 60. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho ya utumishi. Miaka kumi yangu ya mwisho imeshaanza. Kwa hiyo barua isiyojibiwa haininyimi mshahara wa mwezi huu peke yake, ambao tayari ni mdogo. Isipojibiwa mapema, itashusha mkupuo nitakaopewa siku ya kuondoka, na itashusha pensheni ya kila mwezi mpaka nife. Nyumba yangu ya Chanika iko kwenye lenta. Mwanangu wa mwisho yuko sekondari. Aliyeweka jalada langu chini ya mengine huenda hajawahi kupiga hesabu hii. Naomba aipige.

Viongozi wamekuwa wakituahidi. Kila Juni, Wiki ya Utumishi wa Umma, linawekwa turubai, wanakaa wakubwa, wanasikiliza kero. Nimewahi kukaa kwenye mstari huo. Jina langu likaandikwa kwenye daftari, namba ya simu ikaandikwa, nikaambiwa nitapigiwa. Mkataba wa huduma kwa mteja umebandikwa ukutani kwetu, nao unaahidi barua kujibiwa ndani ya siku chache za kazi. Mtumishi naye anaandika barua, Mheshimiwa. Kwa nini mkataba huo usimhusu?

Baba yangu alifanya kazi kiwandani Urafiki. Alikuwa akituambia jinsi Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 lilivyoleta mabaraza ya wafanyakazi, na jinsi mfanyakazi wa mashine alivyoweza kusimama mbele ya meneja akauliza swali. Mabaraza yapo hadi leo, kwa sheria. La kwetu hukutana kupitisha bajeti, na wajumbe hupewa makabrasha asubuhi ya kikao chenyewe. Malalamiko ya watumishi yakitajwa, tunaambiwa hayo ni mambo ya mtu binafsi, yapitie ngazi husika. Na mimi nilipouliza ngazi husika imefikia wapi, nimepewa barua ya kujieleza.

Sidai fedha kwenye barua hii. Sisemi bosi wangu afukuzwe. Sisemi hata kwamba ni lazima nikubaliwe, ingawa naamini ninastahili. Naomba utoe maelekezo kwa waajiri wote wa umma kwamba kila barua ya malalamiko ya mtumishi ijibiwe kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu. Naomba muda huo ukipita bila jibu, kimya hicho kihesabiwe kuwa ni kukataliwa, ili mtumishi aweze kwenda Tume. Kila mmoja wetu sasa anapimwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, kazi kwa kazi. Basi kujibu malalamiko kuwe kazi inayopimwa kwa mkuu wa utumishi wa kila taasisi, aonekane amepokea mangapi na amejibu mangapi. Sisi wa masjala tunazo rejista. Tukiulizwa rasmi, takwimu zitapatikana siku hiyo hiyo.

Na mtumishi asiadhibiwe kwa kuuliza.

Kama hayo yote ni mengi kwa sasa, basi naomba moja. Naomba nijibiwe. Naomba na yule mlinzi ajibiwe, na dereva, na yule mama aliyestaafu, anwani yake ipo kwenye jalada lake. Jibu liwe na kumbukumbu namba, saini na tarehe. Likiwa ni hapana, nitalipokea dirishani kwangu, nitaligonga muhuri mwenyewe, nami nitaanza kuhesabu siku zangu 45.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi wa umma,
Masjala,
Dar es Salaam.

Nakala: Viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa taarifa na hatua.