Hamisi, usilipie huo upinde kwanza

Nachingwea, Jumapili usiku

Hamisi kaka,

Asalam aleikum, za masiku, za Ohio, za shemeji na watoto. Sisi wazima, Somoe kajifungua salama mtoto wa kiume, jina bado linagombaniwa na pande zote mbili, mikorosho imetoa maua na mimi nanuka salfa mpaka kwenye kope. Haya salamu zimeisha. Miezi yote hiyo kimya, halafu unaibuka na voisi noti ndeeefu unaniambia Ijumaa mshahara ukiingia unalipia upinde wa yule mwenzako wa kazini, dola 350, una kila kitu, msimu unaanza mwishoni mwa Septemba na wewe utakuwepo. Nimeisikiliza shambani bloa ya kupulizia mikorosho ikiwa mgongoni, nikaizima, nikarudia tena nikidhani nimesikia vibaya.

Usilipie. Hata kama huna muda wa kusoma barua yote, hilo moja lishike.

Umeniuliza mimi kwa sababu ya miaka ile ya kambi ya wawindaji Liwale, nashukuru kwa heshima, japo kazi ya traka ni kusoma nyayo sio kuuza pinde. Ila yule mgeni wa Texas unamkumbuka, yule mrefu ambaye mwenzetu Chipopa alimpa jina la Mnazi? Alikuja na kibali chake cha upinde, na kila jioni wenzake wakiwa kwenye moto yeye anarusha mishale kwenye gunia lililojazwa matambara, na nani alikuwa anaichomoa ile mishale, ni mimi. Kuuliza simwogopi mtu, kwa hiyo mengi nimeyapata kwake. Mengine nimeyasoma wiki hii mpaka bando limekata.

Sasa sikiliza. Umesema jamaa ana futi sita na ushee na upinde wake umesetiwa inchi 30, yaani urefu wa kuvuta uzi, na paundi 70, yaani uzito wa kuuvuta. Hamisi, mimi na wewe tulikuwa tunabadilishana mashati. Nimechukua futi ya fundi cherehani hapa nikanyoosha mikono ukutani, Somoe akapima kuanzia ncha ya kidole cha kati huku mpaka kidole cha kati kule, inchi 66. Wenyewe wanagawanya kwa 2.5, inakuja 26.4, sema 26 na nusu. Huo ndio urefu wako wa kuvuta, au unakaribia hapo, duka watakupima vizuri zaidi. Jamaa ni 30! Inchi tatu na nusu zimezidi, hapo hatuzungumzii upinde wako tena, ni upinde wa mtu mwingine umeushika wewe.

Na usiniambie utauzoea. Upinde wa babu ulikuwa unavuta mpaka pale mkono wako unapoishia, mfupi mrefu wote mnautumia. Huu wa kampaundi una yale magurudumu, kamu, ambayo yamepangwa yasimamie kwenye urefu mmoja, ukifika hapo ni kama umegonga ukuta, na ni hapo ndipo uzito unakatika. Upinde wa paundi 60 unaokata asilimia 80, ukishafika mwisho unashikilia paundi 12 tu, ndo maana mtu anaweza kukaa amevuta anamsubiri mnyama ageuke. Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, ndiye aliyebuni kitu hiki, alikata ncha za upinde wa kawaida akafunga roda, patenti akapewa 1969. Akili ya gereji kabisa, angekuwa Nachingwea angekuwa anatengeneza mashine za kusaga. Lakini sasa uzuri wote huo unaupata ukifika mwisho wa mvuto, na wewe kwa mkono wako kufika mwisho wa inchi 30 ni mpaka ujipinde nyuma, kiwiko cha kushoto kikakaze, uzi upite nyuma ya sikio huko. Ukiachia, uzi unakupiga mkononi, na mshale kila siku unakwenda kwake. Mnazi alikuwa anasema watu wanabadilisha pini za kulengea, wanabadilisha mishale, wanalaumu upepo, kumbe upinde mrefu tu.

Najua utasema si unarekebishwa. Baadhi ndiyo, kuna kipande kwenye kamu unakizungusha au unakibadilisha. Nyingine kila urefu na kamu yake, ununue upya, tena lazima mashine ya kuubana upinde, huwezi kuufungua sebuleni na bisibisi Hamisi nakujua wewe. Na zile paundi 70, mikono ya upinde, yaani yale mabawa yanayopinda, ya 70 kwa kawaida inalegezwa mpaka kama 60, chini ya hapo hapana. Bega lako la bodaboda limepona lini? Maana nakumbuka hata ndoo ya maji ulikuwa unabadilisha mkono.

Jaribio la Mnazi ni hili, lifanye dukani mbele ya watu usione haya. Kaa kwenye kiti, nyoosha upinde mbele yako usawa wa macho, vuta moja kwa moja bila kuuinua juu. Ukiona unaelekeza mshale angani ndo upate nguvu, uzito umekushinda, shusha. Na hapo uko dukani kuna joto. Novemba kulungu madume wanapochanganyikiwa kutafuta majike, ndo watu wanakaa juu ya mti masaa na masaa kwenye baridi, mwili umekaza, makoti matatu, halafu anatokea na wewe unaanza kupunga upinde angani, atakuwa ameshaondoka zamani. Sheria ya Ohio inataka angalau paundi 40, basi. Wewe anza na 50, 55, ukiweza bila kutetemeka inatosha kabisa kwa kulungu yule wa mkia mweupe, si nyati.

Alafu hiyo ya futi 340 kwa sekunde aliyokutajia jamaa. Ile namba kiwandani wanapima na paundi 70, inchi 30, na mshale mwepesi wa greni 350, greni ni kipimo kidogo cha uzito. Kwako wewe na mkono wako mfupi haipo, kila inchi inayopungua inakula kama futi 10. Na hata ingekuwepo, sauti inakwenda futi 1,100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa uzi unamfikia mnyama kabla ya mshale vyovyote vile, na kulungu akisikia anachuchumaa ili aruke, mshale unapita juu ya mgongo. Dawa ni upinde usiopiga kelele na kumsogelea, yadi 20 hivi, hapo hana muda. Mnazi na ujuzi wake wote nilimwona anamwacha pongo dume kasimama peupe, kisa mbali. Chipopa alisonya mpaka mgeni akageuka.

Kama una dola 350, nimeona zipo pinde mpya za kuanzia kwa hela inayokaribia hapo. Kampuni ya Bear walitoa moja inaitwa Cruzer G2, inakwenda kuanzia paundi 5 mpaka 70 na urefu inchi 12 mpaka 30, unaanza chini unapanda taratibu, hata mwanao mkubwa anaweza kujifunzia. Sikulazimishi hiyo, za aina hiyo ziko kadhaa. Zile zinazopita dola elfu moja waachie wenyewe. Cha muhimu nenda duka lenye fundi wa pinde, akupime, akufungie kile kitundu cha kuchungulia cha kwenye uzi usawa wa jicho lako, na ununue na rilizi ya mkononi, kile kifaa cha kushika na kuachia uzi, usivute kwa vidole. Na mtu yeyote akikupa upinde ujaribu, usiachie uzi bila mshale juu yake, unapasuka huo, unaweza kukutoa jicho.

Mishale nayo usinunue miepesi kwa sababu ya tamaa ya spidi. Angalau greni 5 kwa kila paundi ya upinde, hapo ni ili upinde tu usivunjike, ila kwa nyama tafuta unaokaribia greni 400, uzito ndio unaopenya. Chembe, yaani ncha za mishale, mimi ningechukua zile za visu visivyofunguka, kwa paundi zako, zile zinazofunguka zikigonga zinakula nguvu ambayo huna ya kugawa. Huko kwenu wanataka upana usipungue robo tatu ya inchi na makali mawili, ila soma na karatasi ya sheria ya mwaka huu.

Sasa hapa ndo kwangu, hapa sikuhitaji bando. Piga akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo anakwenda, nyuma tu ya bega, mapafu yale. Akikutazama uso kwa uso acha. Ukishapiga USISHUKE MBIO. Wewe una haraka, tangu Ndanda sekondari una haraka. Sikiliza alikokimbilia, tia alama akilini ule mti wa mwisho uliomwona, kaa nusu saa. Shuka, tafuta mshale kwanza kabla ya mnyama. Damu ya pinki yenye mapovu ni mapafu, nenda, hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ini, subiri masaa manne au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani na harufu, umepiga tumbo, ondoka hapo kimyakimya urudi baada ya masaa 8 mpaka 12, maana ukimfuata atanyanyuka na atakwenda asionekane tena, atafia kwenye vichaka huko na wewe umekosa na yeye kateseka bure. Unapofuata damu usiikanyage, tembea pembeni yake, na kila unapoiona acha kikaratasi, ikipotea geuka nyuma utazame vikaratasi vilivyojipanga, vinakuonyesha alikuwa anaelekea wapi.

Na ule ulingo wa juu ya mti. Mkanda wa kifua na mapaja unafungwa toka chini kabla hujapanda, upinde unauvuta na kamba ukishakaa. Watu wengi huko hawaumizwi na risasi wala mshale, wanadondoka tu. Nimeongea.

Ila kubwa zaidi ya yote ni mama yako. Sijui nani amemwonyesha ile picha yako na yale mavazi ya majani majani, nahisi ni Dadi, amekuja hapa Alhamisi kwa miguu toka Naipanga na kikapu cha ming'oko, hajakaa hata, "Saidi, mwanangu amekuwa jangili?" Nimemweleza kule mtu anasoma darasa la uwindaji, anakata leseni, anakata na kibali cha kulungu, dume ni mmoja tu kwa msimu, akiua anatoa taarifa serikalini kabla ya saa sita mchana kesho yake. Akanyamaza. Halafu akauliza, kwani huko buchani nyama imeisha? Nikamwambia hata kuuza hiyo nyama hawaruhusu, anakula mwenyewe na familia. Ndo nikaharibu kabisa, sasa anaamini una njaa. Anataka kukutumia korosho. Mpigie Hamisi, mpigie wewe mwenyewe, mimi kila nikimweleza anapata wasiwasi mpya.

Anayenishangaza ni huyo jamaa yako. Ni mtu mwema au anatafuta wa kumwachia mzigo? Ule uzi wake una umri gani, maana ukizidi miaka mitatu huo wa kubadilishwa, hela nyingine hiyo. Kwenye mkono wa upinde kuna lebo ndogo ya namba, umeipiga picha? Darasa umeshasoma au unangoja wiki ya mwisho? Shamba ni la nani, una ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi? Shemeji anasemaje, au na yeye ameambiwa upinde ni mazoezi tu? Na bega, nijibu la bega, usinirukie.

Jambo langu moja dogo, kama kuna mtu anakuja Desemba naomba taa ya kichwani ya kuchaji, hizi za hapa zinakaa wiki mbili tu. Bei ya korosho mnada wa kwanza nitakutumia Oktoba kama kawaida, ukae ukijua mikorosho yako ile ya kule bondeni nimeipulizia mara mbili kwa hela yangu.

Pima mikono leo, futi ya kawaida inatosha, shemeji akushikie upande mmoja. Nitumie namba kabla ya Ijumaa.

Ni mimi,
Saidi