Mama mkwe anasema sumu iko kifuani kwangu

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kama barua itaruka huku na kule, sijalala. Mtoto amejikuna tangu saa sita usiku, ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Nimemvisha soksi mikononi asijichune, lakini anajisugua mashavu kwenye shuka mpaka shuka linabaki na vidoa vya damu. Na mimi kila nikifumba macho nayasikia yale maneno. Bora niyaandike.

Mambo ya mama mkwe kuja kwa mwanawe unayajua, sina haja ya kuanza mwanzo. Kwenye uzazi alikuja kunilea na nilishukuru sana, kwa sababu mama yangu mzazi yuko Pangani na miguu inamsumbua. Nilikula mtori, nikanywa supu, nikanywa maziwa. Sitaki mtu aseme sikumthamini. Kwao Moshi anafuga ng'ombe wa maziwa na hao ng'ombe ndiyo waliosomesha watoto wake wote, mume wangu akiwemo. Kila mtu wetu akishuka Dar, lazima ashuke na dumu la mgando. Nilikuwa nakunywa, Shangazi. Nakunywa na kuomba lingine.

Mtoto alipofika miezi mitatu, mashavu yakawa mekundu. Nikadhani harara, si unajua joto la huku. Yakahamia nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, yanapasuka na kutoa majimaji. Kila mtu akawa daktari. Mama yangu akasema nimwogeshe maji ya mwarobaini na kumpaka mafuta ya nazi. Jirani akasema chango. Duka la dawa wakanipa krimu ya kuchanganya, ikakausha upesi sana, nikashangilia, halafu nilipoiacha yakarudi kwa hasira. Hospitali wakaniambia ile krimu ina steroidi kali na haifai kabisa kwa uso wa mtoto mchanga. Wao ndio walioniambia ni ukurutu, hii wanayoiita pumu ya ngozi.

Daktari aliuliza kama kuna mtu kwenye familia mwenye pumu au mafua ya aleji. Mume wangu akajibu mwenyewe kwa mdomo wake kwamba utotoni alikuwa na pumu, na mpaka leo vumbi likimgusa anapiga chafya asubuhi nzima. Daktari akasema ndiyo, haya mambo hutembea kwenye ukoo. Mbona hilo halisemwi pale nyumbani? Mbona pumu ya mtoto wake haikuwa sumu ya mtu?

Nikaambiwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni ngozi yenyewe: haishiki unyevu, inapasuka, kwa hiyo apakwe mafuta mazito ya mgando mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na majimaji, sabuni za manukato niache, maji yasiwe ya moto. La pili ni chakula. Daktari alisema si kila mtoto mwenye ukurutu ana tatizo la chakula, lakini kwa mtoto aliyeanza mapema na ukawa mkali kama wangu inawezekana, na vinavyoongoza ni maziwa ya ng'ombe na mayai. Kwa kuwa nanyonyesha, nijaribu kuacha maziwa na kila kitu chenye maziwa kwa wiki 2 hadi 4, tuone.

Nikaacha. Si maziwa tu, maana ukianza kusoma nyuma ya pakiti utakuta maziwa ya unga kwenye biskuti, kwenye mkate, hata kwenye vitu ambavyo huwezi kudhani. Maandazi ya kununua nikaacha kwa sababu sijui mtu kakandia nini. Mtori wa mama mkwe nikaacha kwa sababu huwa anaumalizia kwa maziwa. Nilimweleza kwa adabu, nikamwambia mama, ni daktari. Akasema sawa. Lakini usoni niliona.

Halafu lilikuja la yai. Mtoto alikuwa ametimiza miezi 6, mama mkwe yupo kwa mara ya pili, mimi nimeenda kazini. Akampa kiini cha yai la kuchemsha. Binti wa kazi akanipigia simu analia. Nilipofika mdomo umevimba na vipele vimetanda shingoni, tukakimbia hospitali. Wakasema hii ni aleji ya yai, asipewe tena mpaka apimwe. Sikumgombeza mama. Naapa sikumgombeza. Nilisema tu, "Mama, si nilisema tusimpe kitu bila kuniuliza?" Kama hilo ni kosa, niambie.

Kwa hiyo siku aliyoleta maziwa ya mbuzi, mimi ningefanya nini? Alitoka asubuhi, akayatafuta mpaka akayapata, akaja nayo kwenye chupa ya maji, akasema haya si ya ng'ombe, mpe mtoto kwenye uji na wewe unywe. Lakini nilikuwa nimeshauliza hospitali, nikaambiwa protini za maziwa ya mbuzi zinafanana sana na za ng'ombe, mtoto anayedhurika na haya mara nyingi hudhurika na yale. Nikamwambia. Akasema wewe na hospitali yako. Nikayamwaga kwenye sinki. Nisingeyamwaga angempa nikiwa kazini, kama yai.

Ndipo akasema, mbele ya mume wangu, mbele ya wifi, mbele ya binti wa kazi: "Hiyo sumu unayoitafuta kwenye maziwa ya ng'ombe wangu iko kifuani kwako."

Mume wangu alikuwa anakula ugali. Aliendelea kula.

Nimezaa kwa upasuaji, nimenyonyesha na kidonda kibichi, chuchu zimepasuka nikanyonyesha, nikakamua kazini nikiwa nimejifungia stoo na chupa za maziwa nikazificha kwenye friji ya bosi. Miezi sita ya mwanzo mtoto hakuonja hata maji. Halafu maziwa hayo ndiyo sumu. Na aliyekula ugali hakusema hata "mama, basi".

Baadaye mume wangu aliniambia mama ni mtu mzima, nimvumilie, alikuwa na uchungu wa maziwa yake kumwagwa. Sawa. Na mimi sina uchungu?

Sasa kuna jambo lingine, nalisema haraka. Mtoto amepata nafuu. Si leo, leo ni vibaya kwa sababu umeme ulikatika, feni ikazima na akatoka jasho, lakini kwa jumla mashavu yamefunga na magoti yamebaki makavu tu. Kliniki wamefurahi. Ila mstari kwenye kadi yake umelala, kilo haziongezeki vizuri, na mimi mwenyewe sketi zinanishuka. Daktari amesema nimekata vyakula vingi kuliko alivyoniagiza. Karanga niliacha mwenyewe, samaki niliacha mwenyewe, maharage ya soya na unga wa lishe nimetoa maana una kila kitu humo ndani, akiwashwa utajuaje ni kipi? Anasema nirudishe samaki na dagaa, na nimeze vidonge vya kalsiamu. Na anasema sasa ninywe maziwa tena, makusudi, tuone kama ukurutu utarudi. Eti mafuta na sabuni nilivibadilisha wakati uleule nilipoacha maziwa, kwa hiyo hatujui kilichosaidia ni nini, na kumnyima mtu chakula bila uhakika hakuna faida. Alinionya hilo ni la mimi kunywa tu, mtoto mwenyewe asipewe maziwa wala yai nyumbani bila wao.

Sijanywa. Muda umepita na sijanywa. Kila nikishika kikombe nakirudisha. Watu wasiseme nashindana na mama mkwe. Mimi nimemwona mwanangu amevimba mdomo, wao hawakumwona, nani anaweza kunilaumu kwa kuogopa? Lakini wewe nikwambie ukweli: nikinywa na mtoto asipate kitu, nitamwambia nini yule mama? Atasema aliona tangu mwanzo, maziwa yake yalikuwa safi. Na nikinywa ukarudi, si ndiyo yatakuwa yametoka kifuani kwangu kama alivyosema?

Majirani nao wameona mtoto amepungua wameanza kunong'ona kwamba tumembemenda. Shangazi, mume wangu analala sebuleni tangu siku ya sinki. Kumbemenda na nani?

Wifi amenishauri nimwachishe tu, nimpe maziwa ya kopo, yaishe. Hawajui kwamba maziwa ya kopo ya kawaida ni ya ng'ombe yaleyale. Yapo ya watoto wenye aleji ambayo protini yake imevunjwavunjwa, nimeulizia bei, kopo moja linakula mshahara na halimtoshi mtoto siku nyingi. Daktari amesisitiza niendelee kunyonyesha, hata miaka 2, ndivyo inavyoshauriwa. Nami nataka kunyonyesha. Hakuna mtu atakayeniachisha. Ila usiku kama huu akininyonya huku anajikuna shingo, nasikia ile sauti, nachomoa titi, analia, namrudishia, naanza kulia mimi. Zamani tulikuwa tunatazamana. Siku hizi nageuza uso nitazame ukuta. Nikimwachisha, je, nitakuwa nimekubali kwamba ilikuwa sumu? Au nitakuwa nimepumzika tu? Sijamwuliza mtu yeyote hili.

Lakini nililotaka kukuuliza hasa ni la Desemba. Mume wangu anataka twende Moshi kwa sikukuu, wote, na mtoto. Anasema mama ameuliza mjukuu, na kwamba kule hakuna joto la kumtoa jasho, na tukiwa huko tutampeleka hospitali ya KCMC ambako kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Hilo la KCMC nalitaka, nalitaka sana. Lakini nyumbani kwa mama mkwe kuna nani wa kumzuia? Ukoo mzima utakuwepo, kila shangazi na kijiko chake. Nikikaa na mtoto mgongoni siku zote watasema nina maringo. Nimefikiria niende KCMC na mtoto tu nilale kwa rafiki mjini nisifike kwake, halafu nikafikiria tena, nafika Moshi bila kumsalimia mama? Siwezi. Mimi si mtu wa hivyo. Nataka anishike mkono aniambie pole, basi, hata mtori nitakula. Lakini mtoto asimguse na kijiko.

Naomba uniambie kama ni haki kumtaka mume wangu aseme na mama yake kabla hatujaondoka, mbele yangu, kwa sababu nilitukanwa mbele yake. Yeye anasema yamepita. Kwangu hayajapita.

Usitaje jina langu wala mtaa, wifi anakusoma kila wiki. Na kama utajibu, jibu mapema tafadhali, maana mabasi ya Moshi mwezi wa Desemba hujaa upesi na baba mtoto ameshaanza kuulizia tiketi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam