Karatasi ya talaka uliyonayo inatosha kuombea viza ya mwenza? Soma hii kabla hujalipa chochote

Mwaka jana alikuja dada mmoja ofisini kwetu hapa Dar, faili lake zuri mpaka mi mwenyewe nikafurahi. Kila kitu kiko kwenye bahasha yake ya plastiki, slipu za mshahara za mume aliyeko Uingereza zinaonyesha anapita ile pauni 29,000 kwa mwaka inayotakiwa kwa viza ya mwenza, cheti cha kipimo cha TB kipo, cheti cha mtihani wa Kiingereza kipo, picha za harusi, mpaka meseji za WhatsApp za miaka miwili kazitoa kopi. Alichotaka kwetu ni tafsiri tu. Nikafungua cheti cha ndoa, kwenye hali ya ndoa kabla ya kuolewa kimeandikwa "mtalikiwa". Nikamuuliza, dada, hati ya talaka iko wapi? Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mume wa kwanza kaandika kwa peni "nimemwacha mke wangu fulani talaka moja", saini, na majina ya mashahidi wawili chini. Ya 2016.

Nikajua hapo hapo kwamba kazi yake haijaanza hata kidogo, na kumwambia ilikuwa ngumu kwa sababu tiketi ya kwenda kupeleka alama za vidole alikuwa anaiwaza wiki ijayo.

Naandika hii kwa sababu yeye sio wa kwanza wala wa kumi. Watu wanahangaika na mshahara wa mume, na nyumba ya kufikia, na Kiingereza, lakini ndoa ya zamani wanaiona kama kitu kilichoisha zamani, wameshaachana, kila mtu ana maisha yake, sasa nani atauliza? Fomu inauliza. Inakuuliza wewe na inamuuliza mwenzako pia, kila ndoa mliyowahi kufunga iliisha lini na ushahidi uko wapi.

Tuanze na Tanzania Bara maana ndiko wateja wetu wengi walikofungia ndoa zao. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 12, inasema ndoa inaendelea kuwepo mpaka mmoja afariki, au mahakama itamke kwamba mmoja anahesabika amefariki, au mahakama iibatilishe, au mahakama itoe talaka. Kuna na talaka iliyotolewa nje ya nchi bila mahakama, ila hiyo nayo ina masharti yake ya kukubaliwa. Angalia hiyo orodha vizuri. Hamna kutengana miaka kumi na tano, hamna kurudisha mahari, hamna kikao cha wazee wa pande mbili, hamna karatasi ya daftari, hamna kiapo ulichoapa kwa wakili kwamba "tuliachana na sina mawasiliano nae". Hata uamuzi wa kanisa kwamba ndoa yenu ilikuwa batili, huo unakuweka sawa kanisani, serikalini bado una mume.

Najua kwa ndugu zetu Waislamu hili linauma. Kidini umeachwa, eda umekaa, imeisha, na hakuna anayebishana na dini hapa. Ila kwa Bara ile talaka aliyotamka mume haimalizi ndoa mbele ya sheria, inabidi ipite mahakamani. Afadhali ni kwamba sheria hiyo hiyo kwenye kifungu cha 107 inawajali waliofunga ndoa ya Kiislamu: mkishapita kwenye baraza la usuluhishi likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, halafu baada ya hapo ikatolewa talaka inayokubalika Kiislamu, mahakama inatakiwa ikubali kwamba ndoa imevunjika na itoe amri ya talaka. Huhitaji kuthibitisha ulipigwa au ulitelekezwa. Zingatia mpangilio tu, baraza kwanza. Ile talaka ya 2016 iliyotangulia baraza inabaki ushahidi mzuri kwamba mlishaachana, ila haikurushi hatua.

Zanzibar ni tofauti. Sheria ya 1971 haifiki kule, Waislamu wanakwenda Mahakama ya Kadhi na hati inayotoka pale ndiyo yenyewe. Kenya pia kuna Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na katiba, na Sheria yao ya Ndoa ya 2014 inaacha talaka ya Kiislamu iende kwa sheria ya Kiislamu, ila nakala inatakiwa ifike kwa msajili. Kwa hiyo ukiwa umeolewa Mombasa usimsikilize shoga yako wa Temeke anavyokuelekeza, na wa Temeke usimsikilize wa Unguja. Uliza ndoa yako ilifungwa wapi, kwa utaratibu gani.

Haya, Bara unaanzia wapi? Baraza la usuluhishi la ndoa. Yapo ya kata na yapo ya dini. Mnaitwa, mnasikilizwa, ikishindikana mnapewa ile Fomu namba 3 ya kuthibitisha usuluhishi umeshindikana. Hii fomu watu wanaidharau na ndiyo inayorudisha kesi nyingi nyuma, kwa sababu inatakiwa iwe haijapita miezi sita tangu itolewe siku unayofungua shauri. Tumeona watu wana fomu ya miaka mitatu nyuma kwenye kabati, wanakwenda nayo mahakamani, wanarudishwa kuanza upya.

Na kama hujui mume yuko wapi? Hapa watu wanakata tamaa bure. Kifungu cha 101 kinaruhusu uende mahakamani bila baraza kama umetelekezwa na hujui mwenzio alipo, au anaishi nje ya nchi na hakuna dalili ya kurudi ndani ya miezi sita tangu ufungue shauri, au aliitwa barazani akagoma makusudi, na sababu nyingine kadhaa. Ila unatakiwa useme hivyo kwenye maombi yako na uonyeshe, sio unakwenda tu mkono mtupu. Kutengana kwa hiari miaka mitatu au zaidi ni moja ya vitu mahakama inavipokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, kwa hiyo ile miaka mingi mliyokaa mbali haijapotea bure, inakusaidia ndani ya kesi, lakini yenyewe haigeuki kuwa talaka. Kama ndoa haijafika miaka miwili unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Mahakama zenye mamlaka ni kuanzia ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, uanzie ipi, hapo sisi tunakupeleka kwa wakili kwa sababu sisi sio mawakili na hatujifanyi.

Kesi ikiisha chukua vitu viwili, hukumu na amri ya talaka, vyote nakala zilizothibitishwa na mahakama. Wengi wanatoka na hukumu tu. Halafu nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, talaka isajiliwe upate cheti. Afisa wa viza aliyekaa ofisini kwake huko mbali hajui maandishi ya hakimu wetu, cheti cha serikali anakielewa haraka.

Sasa nirudi kwa yule dada, maana tatizo lake lilikuwa kubwa kuliko karatasi. Alikuwa ameshaolewa tena. Sheria yetu inasema mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga ndoa nyingine wakati ya kwanza ipo, na ndoa ya namna hiyo ni batili tangu siku ya kwanza. Maana yake ile harusi nzuri ya picha zote zile haikumpa mume mbele ya sheria. Na hata akienda leo mahakamani akapata talaka ya yule wa kwanza, haifufui harusi ya pili, inabidi wafunge upya baada ya tarehe ya talaka. Watu wanaleta talaka ya Machi na ndoa ya Januari mwaka huo huo wanafikiri muhimu ni kuwa na karatasi zote mbili. Afisa anaangalia tarehe. Marekani ni hivyo hivyo, ukiletewa maombi ya mume au mke kule wanataka ushahidi kwamba kila ndoa ya nyuma ya wote wawili iliisha kabla hamjaoana, na ile viza ya mchumba, ambayo ukishaingia mnafunga ndoa ndani ya siku 90, inataka wote muwe huru kuoana siku maombi yanapopelekwa, sio siku utakapopanda ndege.

Upande wa pili ambao unasahaulika ni sponsa mwenyewe, yaani yule aliyeko nje anayekuita. Kaka yetu anaishi Uingereza miaka minane, mke wake wa kwanza yuko nae huko huko au yuko Tanga, wamegombana, kaka anarekodi voisi ya WhatsApp "nimekuacha", anatuma kwa shemeji, wazee wanaandika karatasi, anaona ameshamaliza, anatafuta mke mwingine. Jamani hiyo Uingereza haikubali. Talaka inayotamkwa mtu akiwa ndani ya Uingereza bila mahakama haina nguvu, huo mlango walishaufunga tangu sheria yao ya 1973. Na talaka isiyopitia chombo chochote, hata ikitolewa nje, sheria yao ya 1986 haiitambui kama mmoja wenu aliishi Uingereza mwaka mzima kabla yake. Soma tena hapo, mmoja wenu, sio wote wawili. Mwaka 1986 huo huo mahakama yao ya juu iliamua kuhusu mtu aliyetamka talaka Uingereza na karatasi zikashughulikiwa Pakistan, ikakataliwa, kwa sababu mchakato ulianzia nchi moja ukaishia nyingine.

Kwa hiyo kaka, kama unaishi huko, fungua talaka huko huko, hata kama nikaha au ndoa ilifungwa Tanzania. Tangu Aprili 2022 huhitaji kumlaumu mwenzio, unasema ndoa imevunjika basi, ila lazima iwe imefika mwaka mmoja. Unangoja wiki 20, unaomba amri ya masharti, halafu wiki sita na siku moja unaomba amri ya mwisho. Ile ya kwanza haikufanyi uwe huru! Tulishapokea simu ya mtu aliyeoa katikati ya hizo amri mbili, akiamini talaka ameshapata, na yeye ilibidi afunge ndoa upya. Jumla hesabu nusu mwaka na zaidi, kwa hiyo usiweke tarehe ya harusi na kuchapisha kadi kabla. Cheti chako cha ndoa cha huku kitahitajika, na kama hakiko kwa Kiingereza, tafsiri yake.

Ujerumani wana lao, talaka ya nje kwa kawaida lazima itambuliwe kwanza na mamlaka ya sheria ya jimbo kabla hujaoa tena, ingawa kama wote wawili mlikuwa raia wa nchi ile ile na mahakama ya nchi hiyo ndiyo imewaachanisha mnasamehewa hiyo hatua. Aliyeachika Muscat alete hati iliyotoka mahakamani kule, sio maneno ya baba mkwe.

Mjane, cheti cha kifo, kile cha RITA. Kibali cha mazishi hakitoshi.

Kuna wanaoniuliza, si niandike tu kwamba sijawahi kuolewa, ndoa yenyewe ilikuwa ya kimila huko kijijini? Hapana, na naomba sana. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili kwa sheria yetu hata kama hukuwahi kuona cheti. Na kumbukumbu zako ziko kwao, labda 2019 uliomba viza ya kutembea ukaandika umeolewa, leo unaandika hujawahi, wanalinganisha. Uingereza ukikutwa umedanganya unaweza kufungiwa miaka 10, Marekani uongo wa namna hiyo unaweza kukufungia maisha mpaka upate msamaha maalum. Kama ulijaza bahati nasibu ya Green Card ukaacha kumwandika mke au mume kwenye fomu nayo ni kosa linalokutoa. Ndoa ya zamani iliyoisha vizuri haimnyimi mtu viza, haiwi doa. Kuificha ndiyo doa.

Sisi tunachofanya ni hivi. Unaleta kila karatasi uliyonayo, hata ile ya daftari, tunakaa tunapanga tarehe kwenye mstari mmoja, ndoa, kutengana, talaka, ndoa mpya, tunaona pengo liko wapi kabla hujatoa hela. Tunaangalia majina, maana Mwanaidi wa cheti na Mwanahidi wa hukumu ni watu wawili kwa afisa, hapo kiapo cha majina kinahitajika. Tunatafsiri, na tafsiri ya Uingereza lazima iwe na tarehe, jina kamili la mtafsiri, saini na mawasiliano yake na maneno kwamba ni tafsiri sahihi ya hati halisi. Na tunakwambia cha kusubirisha. Cheti cha TB kinaisha miezi sita, kwa hiyo kukipima wakati ndio kwanza unaitwa barazani ni kutupa hela, na ada ya maombi ukinyimwa hairudi.

Yule dada alilia siku ile, nikampa maji, tukaongea mpaka saa kumi na moja. Wiki iliyofuata akaenda barazani. Mume wa kwanza aliitwa akaja, na hakuleta ubishi, alisema hata yeye hakujua kama bado wameoana. Amri ya talaka ilipotoka wa Uingereza akaja likizo wakafunga nikaha upya sebuleni kwa mama yake dada, watu wachache, pilau sufuria moja. Cheti kipya kilipokuja kwetu kutafsiriwa nilisoma tarehe kwanza, kisha nikaisoma tena nikilinganisha na ya talaka, na cheti cha TB ikabidi akapime upya.