Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Lushoto: tuanze na chanjo ya mbwa wa vijijini

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwongoza wageni hapa Lushoto. Kazi yangu ni kutembea: Magamba, Lukozi, Rangwi, halafu Mambo na Mtae, huko ukingoni ambako ukisimama unaiona Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi yote chini yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wengi: wenye mashamba, wenye nyumba za kulala wageni, waongozaji wenzangu, na kila mzazi ambaye mtoto wake hupita njia hizohizo kwenda shule. Ni habari ya mbwa.

Siku hizi watu wanapanda milima yetu kwa wingi. Wanatoka Dar es Salaam na Arusha, wanafika Mombo na magari yao, wanaanza kukata kona za Soni, na baadhi yao wamempakia mbwa kiti cha nyuma. Si wazungu peke yao, wapo vijana wetu kabisa. Wakifika wanauliza swali moja tu: mbwa anaruhusiwa njiani? Hapo kila mtu anajibu lake. Mmoja anasema piteni tu, mwingine anasema marufuku, wa tatu anataka apewe chochote ndipo aseme. Kilimanjaro hakuna mjadala, ile ni hifadhi ya taifa na mbwa wa kufugwa haingii. Njia zetu sisi ni mchanganyiko. Unapita katikati ya viazi na kabichi za watu, unakatiza uani kwa mtu, unapita mbele ya msikiti, mara uko ndani ya msitu wa hifadhi, ukitoka unajikuta tena shambani.

Naomba nieleweke mapema kwamba siombi mbwa wapigwe marufuku. Mimi mwenyewe natembea na mbwa. Tomi ni mbwa wa kawaida wa kwetu, mwekundu, masikio yamesimama, na ukungu ukishuka Magamba ghafla, yeye ndiye anayeniambia kuna watu mbele kabla sijasikia sauti. Mbwa aliyefunzwa ni mwenzi mzuri mlimani. Lakini mbwa wa mgeni hatembei mahali patupu. Kila kitongoji anachopita kina mbwa wake, nao hutoka kumlaki kwa meno. Ndiyo maana naona tukianza kwa kutunga masharti ya wageni tutakuwa tumeanzia mwisho. Tuanze na mbwa wa vijiji vya njiani. Wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.

Msimu wa viazi uliopita nilikuwa juu ya Mlalo na wageni wawili. Tukasikia makelele bondeni. Mtoto wa darasa la pili ameng'atwa kwenye shavu la mguu, matundu manne, damu haikuwa nyingi. Bibi mmoja alikuwa ameshashika tumbaku aipachike pale. Nilimwomba, nikamwambia bibi samahani, tuoshe kwanza. Tukaletewa dumu la maji na kipande cha sabuni ya mche, nikaosha kwa saa mkononi, dakika 15 nzima, namimina nasugua namimina. Zilipofika dakika kumi mtoto alikuwa analia kwa baridi ya maji kuliko maumivu. Wakati huo vijana walishampata yule mbwa na kumpiga mawe mpaka akafa.

Kwa hasira za watu sikushangaa. Ila kwa kumuua mbwa tulipoteza jibu. Mbwa aliyeng'ata akifungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima, unajua hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile aliyong'ata. Akishakufa na kutupwa korongoni, huna la kufanya ila kumhesabu kuwa ni mgonjwa. Familia ilikwenda kituo cha afya cha karibu, chanjo haikuwepo. Wakaelekezwa mbali zaidi. Baba aliuza mbuzi ili apate nauli na gharama za sindano, na sindano zenyewe si moja, una siku ulizopangiwa kurudi. Mtoto alizimaliza, na sasa yu mzima anacheza. Ni kwa sababu mbuzi alikuwepo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, hata hospitali iwe kubwa namna gani.

Wataalamu wa afya duniani wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita kutoka mbwa hadi mbwa na unakatika wenyewe. Hili si la kusoma vitabuni tu. Majirani zetu Pemba, hapo ng'ambo ya bahari kutoka Tanga mjini, walichanja mbwa wao mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka huku bara, wakachanja tena, wakakiondoa tena. Pemba ni kisiwa, nakubali, na sisi hatuna bahari ya kutukinga. Lakini mbwa wa Pemba na mbwa wa Lukozi ni walewale, wanalala nje, hawana vyeti, wana mwenyewe ila hawafungwi. Kama kule walifikika, hata huku watafikika.

Najua ipo njia nyingine ambayo hupendwa kwa wepesi wake, ya kutangaza kwamba mbwa wanaozurura wapigwe risasi. Mheshimiwa, nakusihi isiwe hiyo. Haijawahi kukomesha kichaa. Unawaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao inajazwa upesi na watoto wa mbwa ambao hawana kinga yoyote. Halafu hawa mbwa wana kazi. Muulize mkulima yeyote anayepakana na msitu ni nani anayelinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori usiku.

Kuna jambo lingine ambalo naona halizungumzwi kabisa, nalo liko chini ya ukingo wetu. Mkomazi kulianzishwa mradi wa kuzalisha mbwa mwitu, wanyama ambao wamebaki wachache sana Afrika nzima. Mwishoni mwa mwaka 2000 uliingia ugonjwa wa distempa, ugonjwa ambao mbwa wa nyumbani huubeba, na katika muda wa miezi michache mbwa mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa kwenye mabanda walikufa. Miaka michache kabla, 1994, ugonjwa huohuo uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama simba 1,000. Mgeni anayekuja Mambo na mbwa asiyechanjwa anaweza kutuachia janga ambalo hatutaliona sisi, litaonekana bondeni. Kwa hiyo kwa mbwa wa wageni chanjo ya kichaa peke yake haitoshi. Waonyeshe kadi yenye kichaa na distempa, na sindano iwe imepigwa angalau siku 21 kabla ya safari ili kinga iwe imeshajengeka.

Masharti mengine ni mepesi na yanaweza kuandikwa kwenye kibao kimoja. Mbwa awe kwenye kamba muda wote. Hapa sitaki kabisa tulegeze. Pale Irente mwamba umekatika wima, mbwa anayemfukuza mjusi hajui kwamba mbele hakuna ardhi, na mwenye mbwa atamfuata kwa mapenzi. Mashambani kamba inawalinda kuku na mbuzi wa watu, na kama madhara yakitokea, mgeni alipe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yaishe siku hiyohiyo. Ndani ya msitu wa Magamba mbwa asiingie hata akiwa na kamba. Mule mna mbega, mna ndege wanaotaga karibu na ardhi, mna vinyonga wa pembe mbili wanaopatikana Usambara Magharibi tu, na harufu ya mbwa peke yake inatosha kuwasumbua. Njia ya kuzunguka nje ya msitu ipo, ni ndefu kidogo, sisi waongozaji tunaijua.

Tena ipo heshima kwa wenyeji. Wengi wetu huku ni Waislamu, na kwa madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda, kwa hiyo hakuna anayemchukia mnyama. Lakini mzee aliyekwisha kutawadha anakwenda swala ya alasiri, njia nyembamba, mbwa wa mgeni amelowa umande anajikung'uta pembeni yake! Mgeni hana nia mbaya, hajui tu. Akiambiwa mapema atamvuta mbwa upande wa bonde na kusubiri mzee apite. Hilo ni jukumu letu waongozaji, na ndiyo sababu napendekeza mtu mwenye mbwa asiruhusiwe kutembea bila mwenyeji.

Mheshimiwa, wewe una halmashauri mbili chini ya wilaya yako, Lushoto na Bumbuli. Naomba uwaite wakurugenzi wote wawili na wataalamu wao wa mifugo, pamoja na wenzetu wa misitu, wakae meza moja. Sheria ndogo ya mbwa wa njiani inaweza kuchukua muda wake, tutasubiri. Chanjo ya vijijini isisubiri. Ifanyike likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na magari ya chanjo yanaweza kufika hadi Mtae, na watoto wakiwa nyumbani, kwa maana huku kwetu watoto ndio wanaojua kumshika mbwa akatulia. Matangazo yapite misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili. Vilevile vituo vya afya vya njia hiyo viwe na chanjo ya binadamu muda wote, baba mwingine asilazimike kuuza mbuzi.

Sisi waongozaji tunazijua nyumba zenye mbwa tangu Magamba hadi Mtae, hata wale wakali na majina yao. Maafisa mifugo wakitutaka tutatembea nao nyumba kwa nyumba, bila kudai posho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza wageni,
Lushoto, Tanga