Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI: Hisabati nayo ipande ngazi za UMISSETA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya serikali ya kidato cha tano na cha sita, shule ya bweni iliyo mbali na Dodoma na mbali zaidi na Dar es Salaam. Nakuandikia wewe kwa sababu shule zetu ziko chini ya ofisi yako, na kwa sababu ninachokuja kukuomba ofisi yako inajua tayari kukifanya. Inakifanya kila mwaka kwa mpira wa miguu, netiboli na riadha, katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari.

Niruhusu nianze na swali la hesabu. Mwaka 1959 nchi saba za Ulaya ya Mashariki zilikutana Romania kwa mashindano ambayo leo tunayaita Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO. Swali la kwanza kabisa walilopewa vijana wale lilikuwa hili: thibitisha kwamba sehemu yenye kiasi 21n + 4 na asili 14n + 3 haiwezi kurahisishwa, hata n iwe namba gani ya kuhesabia.

Niliandika swali hilo ubaoni Jumamosi moja wakati wa prepo, mbele ya wanafunzi wangu wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Hawa ni vijana wanaomaliza integresheni ya kurasa mbili bila kuinua kichwa. Wakaanza kujaribu: n ikiwa 1 tunapata 25 juu ya 17, ikiwa 2 ni 46 juu ya 31, ikiwa 3 ni 67 juu ya 45. Kijana mmoja akafika hadi 20 kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, imethibitika." Nikamuuliza, na n ikiwa milioni moja? Darasa likanyamaza.

Ukimya ule ulidumu kama dakika arobaini, na nakuambia kwa moyo wangu wote, Mheshimiwa, katika kazi yangu sijaona kitu kizuri kuushinda. Hakuna aliyesinzia. Mwisho binti mmoja wa mstari wa nyuma akaja ubaoni. Akaizidisha asili kwa tatu, akapata 42n + 9. Akakizidisha kiasi kwa mbili, akapata 42n + 8. Akatoa: imebaki 1. Akageuka na kusema kwamba namba yoyote inayogawa kiasi na asili bila kubakiza lazima igawe na hiyo tofauti, na 1 haigawanyiki kwa kitu kingine ila 1. Basi. Mistari miwili, kwa ujuzi wa kigawo kikubwa cha shirika, ile KKS aliyofundishwa shule ya msingi.

Maswali ya namna hii ndiyo ninayoyatetea. Hayahitaji maabara wala kompyuta, na hata kikokotoo hakiruhusiwi. Yanatoka katika aljebra, jiometri, nadharia ya namba na elimu ya kuhesabu mipangilio, na integresheni haimo. Karatasi ya kwanza ya mtihani wetu wa taifa wa Hisabati ya Juu ina maswali kumi kwa saa tatu, yaani dakika kumi na nane kwa kila swali. Katika IMO mwanafunzi hupewa maswali matatu kwa saa nne na nusu, na kesho yake mengine matatu kwa muda uleule. Saa moja na nusu kwa swali moja. Kila swali lina alama 7, jumla 42, na jibu bila hoja halikupeleki mbali. Siulaumu mtihani wa taifa. Una kazi yake ya kupima mtaala, na unaifanya. Lakini kijana aliyelelewa kwa pasti pepa peke yake huamini kwamba swali lisilofunguka kwa dakika ishirini ni swali ambalo hakufundishwa. Kesho huyo ndiye mhandisi wa daraja, ndiye mtakwimu wa halmashauri. Maswali atakayokutana nayo huko hayatakuwa na pasti pepa.

Najua litakalosemwa, na ni hoja nzito. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Nyumba inavuja, na huyu mwalimu anaomba pazia la hariri? Nimeishi na swali hilo kwa miaka mingi. Jibu langu nililipata kwenye meza za darasa.

Siku moja niliwapanga wanafunzi 25 katika meza 25, safu tano za watu watano watano. Nikawaambia: kila mmoja ahamie meza ya jirani yake, ya mbele, ya nyuma, ya kushoto au ya kulia, mtu asibaki alipokuwa, na meza moja isikaliwe na wawili. Mnaweza? Walijaribu mara nne, wakasukumana, wakacheka, kila mara mmoja akabaki amesimama. Walikuwa wamechanganyika, maana nilikuwa nimewaita hata wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Lugha, waliodhani hisabati na wao zilishaachana. Aliyekata fundo alikuwa mmoja wa hao wa HGL. Alichukua chaki akaweka alama ya X kwenye meza ya kona, akaruka moja, akaweka nyingine, hadi darasa zima likawa kama ubao wa drafti. Akahesabu: zenye X 13, zisizo na X 12. Akasema, "Aliyeko kwenye X lazima aende pasipo na X. Watu kumi na tatu hawaenei kwenye meza kumi na mbili."

Kijana yule alikuwa amepata F ya Hisabati kidato cha nne. Sisemi kwamba swali moja la meza litapandisha ufaulu wa taifa, wala sitaki mtu aje kuniuliza asilimia mwakani. Nasema nilichokiona kwa macho yangu: swali gumu lililoandikwa kwa maneno mepesi linamfikia hata yule tuliyemfunga mlango. Wanaovujiwa na nyumba nao wanahitaji mtu awaonyeshe kwamba paa linaweza kufikiwa.

Na tazama lugha aliyotumia. Swali nilikuwa nimelitoa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili. Kwenye IMO kila mwanafunzi huandika kwa lugha aliyoichagua, na viongozi wa timu hukaa kutafsiri maswali kwa lugha za watoto wao. Dunia haimwadhibu mtoto kwa lugha anayofikiria. Naomba mashindano yetu ya ndani, yatakapokuja, yawe na karatasi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Sasa nifike kwenye ngazi. Mtoto anayejua mpira katika shule yangu ana njia. Anaonekana shuleni, anachukuliwa wilayani, anaingia kambi ya mkoa, na mkoa unampeleka UMISSETA taifa. Kila hatua ina mtu anayewajibika, ina basi, ina ratiba inayojulikana mapema. Binti wa mstari wa nyuma hana njia hiyo. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kimekuwa kikiandaa mashindano kwa moyo wa kujitolea, na nawashukuru kwa dhati. Lakini chama cha walimu hakina mkono wa kufika kila halmashauri. Ofisi yako inao.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka mmoja niliwaandaa wanafunzi watatu kwa mashindano kwa miezi mitano, jioni baada ya jioni, mimi na wao na taa ya sola umeme ulipokatika. Barua ya mwaliko ilipita ofisi moja hadi nyingine, ikafika mezani kwa mkuu wa shule siku tisa baada ya mashindano kufanyika. Aliyeichelewesha simtaji, na huenda hakujua alichokuwa amekishika. Nilipowaambia watoto, mmoja aliuliza kama anaweza kupewa yale maswali ayafanye hata hivyo. Nilimpa. Aliyafanya wiki nzima, hakuna aliyesahihisha ila mimi.

Nchi iliyokuwa maskini kuliko tulivyo sisi leo imeliweza hili. Vietnam ilishiriki IMO kwa mara ya kwanza mwaka 1974, vita vikiwa havijaisha nchini mwao, na kijana wao mmoja akarudi na medali ya dhahabu. Maryam Mirzakhani wa Iran alipata dhahabu mwaka 1994, na tena mwaka 1995 kwa alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, moja ya tuzo za juu kabisa za hisabati duniani. Wasichana wangu nawasimulia habari yake kila mwaka. Na hatuhitaji kwenda mbali: Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, PAMO, iliyoanza Morocco mwaka 1987, imeshafanyika Nairobi mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023. Majirani zetu walipokea vijana wa bara zima.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Hungaria, kwa sababu uliwagharimu karatasi na stempu tu. Mwaka 1894 mwalimu wa sekondari wa mji wa Győr, Dániel Arany, alianzisha jarida la maswali ya hisabati kwa wanafunzi. Maswali yalichapishwa, watoto wa miji midogo wakatuma majibu kwa posta, na majina ya waliofaulu yakatangazwa. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati waliochapisha kazi nyingi zaidi katika karne iliyopita, alikuwa miongoni mwa watoto waliotuma majibu. Mwalimu mmoja wa sekondari, Mheshimiwa. Jarida hilo linaendelea hadi leo.

Sisi leo tuna njia nyepesi kuliko posta. Waraka ukitoka Dodoma asubuhi, kabla ya saa sita mchana umeshafika kwenye kundi la WhatsApp la maafisa elimu sekondari, na jioni mkuu wa shule anao. Kwa njia hiyohiyo linaweza kwenda swali moja kila Jumatatu kwa shule zote za sekondari, libandikwe kwenye ubao wa matangazo, na majibu yakusanywe na mwalimu wa taaluma. Maswali yatungwe na CHAHITA pamoja na wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu. Kila mwezi majina ya waliotoa hoja nzuri yasomwe mstarini, mbele ya shule nzima, kama tunavyosoma majina ya wafungaji wa mabao.

Kisha, UMISSETA inapofika katikati ya mwaka, iwepo siku moja ya Hisabati wilayani, moja mkoani, moja taifa, kwa basi lilelile na kambi ileile. Wachezaji wanasafiri kwa makumi. Mkoa ukiongeza watoto sita na mwalimu mmoja, sidhani kama bajeti itatetereka. Wale sita bora wa taifa ndio tuwapeleke PAMO na IMO, maana sita ndiyo idadi ya juu ambayo nchi moja inaruhusiwa kupeleka IMO.

Kuna jambo la kalenda ambalo nadhani wengi hawalioni. IMO hufanyika kwa kawaida mwezi Julai, na hupokea vijana wasiofikisha miaka 20 ambao hawajaingia chuo kikuu. Maana yake kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei bado anastahili kushiriki, akiwa ameiva kuliko wakati wowote. Lakini huo ndio wakati vijana hao wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Siombi asiende, nami naheshimu kambi ile. Naomba ofisi yako na wenzenu wa Ulinzi mkubaliane mapema namna ya kumpa ruhusa ya wiki chache kijana anayekwenda kuvaa bendera, kama mchezaji wa timu ya taifa anavyopewa. Na kwa sababu dirisha ni dogo, maandalizi yaanze kidato cha tatu. Ofisi yako ndiyo inayowapangia wanafunzi shule na tahasusi za kidato cha tano. Mnawajua kwa majina kabla sisi walimu hatujawaona.

Na mwalimu naye. Kuandaa watoto hawa ni kazi, na mwalimu wa Hisabati ya Juu mara nyingi yuko peke yake shuleni, akiwa pia na vipindi vya wale wanaosoma hisabati tumizi. Sidai posho. Vipindi viwili kwa wiki vitambuliwe kwenye ratiba kama kazi halali, ili mkuu wa shule asilazimike kuniuliza kwa nini niko darasani na watoto wanane wakati wa michezo.

Binti aliyetatua lile swali la mwaka 1959 yuko kidato cha sita sasa. Ana daftari la kurasa mia mbili ambalo hakuna mtihani utakaolikagua, na hivi karibuni ameanza kunitungia mimi maswali. Moja halijanifungukia bado. Juni ijayo atakuwa amemaliza shule, na timu ya netiboli ya wilaya itapanda basi kwenda mkoani. Naomba mwaka huo huo, ndani ya basi hilo, mdogo wake aliyeko kidato cha tatu awe na kiti.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Hisabati, kidato cha tano na cha sita