Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Mifarishi Yetu ya Viraka

Wanachama wapendwa,

Mifarishi mingi iliyofika kwenye meza yetu ya ukarabati mwaka huu haikuharibiwa na uzee. Iliharibiwa na namna ilivyofuliwa na kuwekwa. Nitasema zaidi juu ya hayo; hesabu mtazisikia kwa mweka hazina.

Vitenge vyekundu na vya buluu iliyokoza ndivyo vilivyotusumbua kwa kuchuja rangi. Kabla ya kuloweka, dondoshea kila rangi matone mawili matatu ya maji, kandamiza kwa kitambaa cheupe cha pamba kwa dakika moja, kisha rudia kwa maji ya sabuni. Kitambaa kikishika rangi hata kidogo, mfarishi huo usiloweke. Chumvi na siki, ambazo wengi tulifundishwa nyumbani, hazizuii rangi za kisasa kuchuja.

Mfarishi unaofulika ulazwe ndani ya bafu la maji juu ya shuka, na wakati wa kuutoa nyanyua shuka. Pamba ya ndani ikinywa maji huwa nzito, na uzito huo hukata mishono ya mkono. Ndiyo sababu tunakataza kamba ya kuanikia. Utandaze kivulini juu ya shuka kavu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua lake huchubua rangi na kudhoofisha nyuzi. Dawa ya klorini isiguse mfarishi kabisa.

Mbao za sanduku la kuhifadhia hutoa asidi inayoacha madoa ya kahawia, hivyo tandika kwanza marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) iliyofuliwa ikatoka wanga wote. Wanga huita mende, kwa hiyo usipige wanga mfarishi unaouhifadhi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na msimu wa masika ukungu huota upesi. Kila miezi mitatu ukunjue, uukunje upya kwa mistari mingine, na kila kunjo ulijaze marekani iliyoviringwa. Kunjo lisilohamishwa hatimaye hupasuka. Mwenye nafasi auviringe, upande wa viraka ukiwa nje.

Katika ukarabati, tafadhali tuache uzi wa poliesta. Una nguvu kuliko pamba kuukuu, na mfarishi ukivutwa, kitambaa ndicho kinachokatika. Tumia uzi wa pamba, piga bandi (mishono mepesi ya mkono) bila kukaza. Kiraka kilichooza kisikatwe. Kifunikwe kwa neti laini ya rangi inayofanana nacho, ili kazi ya fundi wa kwanza ibaki mahali pake.

Kamati inaomba idhini ya kununua jora moja la marekani mitaa ya Biashara kabla ya mvua za Machi, tugawane. Vilevile kila mfarishi ushonewe lebo kwenye bitana: jina la mshonaji, mwaka, na aina ya pamba ya ndani. Iandikwe kwa uzi, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida huchuja.