Kwenu vijana mnaogawana vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa

Wanangu,

Assalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira. Juzi mtoto wa watu, na dumu lake la maji mkononi, alizuiwa kwa panga asipite kwenye kichochoro alichozaliwa, eti kavuka mpaka. Mpaka wa nani? Ule mliouchora kwa rangi nyekundu, bado inachuruzika ukutani?

Itazameni Ngome ya Yesu, mnayoipita kila siku. Wareno walianza kuijenga 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani waliyemlea wenyewe kule Goa, koloni lao la Uhindi, akawageuka akaiteka. Mwaka uliofuata akaihama, wakarudi. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Kule ndani watu walikwisha kwa njaa na maradhi, Waswahili wenzetu wakiwemo. Miaka mitatu kasoro, kwa ajili ya kuta! 1728 Wareno wakaichukua tena, 1729 wakafukuzwa. Wakaja Waingereza, wakaifanya jela. Leo watu huingia kwa tiketi, na watoto wa shule wanaipanda mizinga wapigwe picha. Nitajieni aliyebaki nayo.

Na hiyo ni Mombasa tu. Mwaka 1990 chombo cha anga za juu, Voyager 1, kiliipiga dunia picha kutoka umbali wa kilomita zipatazo bilioni 6. Dunia nzima ikatoka kitone hafifu. Afrika haionekani, wala himaya ya Mreno, Mwomani au Mwingereza. Na jua letu lenyewe ni moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 za galaksi hii. Nanyi mnatoana damu kwa kichochoro kisichopishana mikokoteni miwili!

Mengine mnayajua: salini, acheni bangi, tafuteni kazi, wasikilizeni mama zenu.

Wengi wenu nimekula akika zenu. Sitaki kuwabeba kwenye jeneza.

Nanyi waheshimiwa, mnaowapa vijana bahasha wakati wa kampeni wawalindie mitaa, ni nyinyi mliowafundisha kwamba mtaa ni nyara. Na wazee wenzangu, tunaokunywa kahawa barazani hali tunawajua vijana hawa kwa majina, tumenyamaza nini? Tuwaite Ijumaa baada ya sala, pande zote mbili, wakae mkeka mmoja mbele yetu. Panga ziachwe nyumbani.